Ndagala au Dagaa? Uhakiki wa Mafundisho ya Kuchagua Neno Lisilogombewa

1.0 Utangulizi

Imezuka katika miaka hii aina ya utungaji ambayo bado haijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wetu, labda kwa sababu haijiiti fasihi wala haidai kuwa elimu. Ni makala ya kuuzia: maandishi ya aya tano au sita yanayowekwa katika intaneti ili mtu anayetafuta bidhaa ayakute, ayasome, kisha amfikie muuzaji. Mtungaji wa makala ya namna hii haanzi na wazo wala kisa. Huanza na neno. Hujiuliza ni maneno gani ambayo watu huyaandika katika mtambo wa kutafutia, na ni lipi kati ya hayo ambalo waandishi wengine hawajaligombea. Akilipata hulitia katika kichwa cha makala, katika aya ya kwanza, katika vichwa vidogo na katika hitimisho, akiamini kwamba mtambo utamletea msomaji mlangoni.

Mafundisho haya yamefika Uvira kama yalivyofika kwingineko. Vijana wanaomaliza masomo na kukosa kazi huyapata katika simu zao, aghalabu kwa Kifaransa au Kiingereza, nao huyatumia katika Kiswahili bila kuyapima. Makala hii inakusudia kuyapima. Tutatumia mfano mmoja unaojulikana na kila mkazi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, nao ni samaki mdogo tunayemwita ndagala. Hoja yetu ni kwamba, katika lugha ambayo haijaandikwa sana kama Kiswahili cha Kongo, uchache wa washindani juu ya neno hautuambii lolote kuhusu thamani ya neno hilo. Anayelichagua neno kwa sababu hiyo peke yake huishia kuandika maneno matupu, na hasara yake haimpati yeye tu.

2.0 Chimbuko la mafundisho

Mafundisho haya yana mizizi miwili, na ni vema kuitofautisha kwa kuwa mara nyingi huchanganywa.

Mzizi wa kwanza ni wa kitaaluma. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge nchini Uingereza, alieleza kwamba katika kazi ya kutafuta maandishi, maneno hayana uzito ulio sawa. Neno linalopatikana katika kila andiko halimsaidii mtafutaji kuchagua. Neno linalopatikana katika maandishi machache ndilo linaloyatenga maandishi hayo na mengine. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtu akiwa na maandishi elfu moja juu ya Ziwa Tanganyika, neno "samaki" litamrudishia karibu yote, ambapo neno "kuhe" litamrudishia machache tu yanayomhusu samaki huyo mkubwa. Kwa hiyo uchache wa neno una manufaa. Lakini msomaji azingatie sharti lililofichika hapa: neno adimu lina uzito kwa sababu linaeleza jambo mahususi lililomo ndani ya andiko. Neno likiwa adimu nalo andiko halina jambo, uzito huo hauna maana.

Mzizi wa pili ni wa soko. Mwaka 2000 kampuni ya Google ilianzisha mpango wa kuuza nafasi za matangazo kwa kufuata maneno wanayoandika watafutaji, na baadaye maneno hayo yakawa yanashindaniwa kama katika mnada. Tangu hapo neno likawa na bei. Kandokando ya soko hilo ziliota hifadhi za makala kama EzineArticles, iliyoanzishwa mwaka 1999, ambamo mtungaji aliweka makala yake bila malipo na kuruhusiwa kutia mwishoni kiungo cha kumpeleka msomaji dukani kwake. Watu waliandika makala kwa makumi na kwa mamia, kila moja ikijengwa juu ya neno moja lisilogombewa. Februari 2011 Google ilibadilisha namna ya kupanga majibu, mabadiliko yaliyokuja kujulikana kwa jina la Panda, na yenyewe ilieleza kwamba karibu 12% ya maulizo nchini Marekani yaliguswa. Hifadhi nyingi za makala zilishuka ghafla. Mafundisho yenyewe, hata hivyo, hayakufa. Yalihamia katika video, katika vitabu vidogo vya kuuzwa, na katika masomo ya "kutajirika kwa simu" ambayo vijana wetu wanayafuata.

Tukiilinganisha mizizi hii miwili tunaona jinsi neno moja, "uchache", lilivyobadilishwa maana. Kwa mtaalamu, uchache ni dalili ya umahususi wa andiko. Kwa mfanyabiashara, uchache ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Wahenga wetu husema penye wengi hapaharibiki neno. Mwalimu wa soko anafundisha kinyume chake, kwamba penye wengi neno limekwisha haribika, ukimbilie pasipo na mtu. Swali ambalo haulizi ni kwa nini hapo hapana mtu.

3.0 Samaki mmoja, majina mengi

Katika nusu ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, yaani Uvira, Baraka na upande wa pili Bujumbura, jina ndagala hutumika kwa samaki wadogo wa aina mbili ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Ukivuka ukafika Kigoma, samaki hao hao ni dagaa. Ukishuka hadi Mpulungu, nchini Zambia, ni kapenta. Ziwa ni moja, wavu unafanana, taa za usiku zinafanana, lakini majina ni matatu.

Jambo haliishii hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga wa samaki hawa walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa katika Ziwa Kivu. Aliyestawi ni Limnothrissa, naye leo huitwa sambaza katika masoko ya Bukavu na Goma. Miaka ya 1967 na 1968 Limnothrissa huyo alipelekwa pia katika ziwa la kuchimbwa la Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe, akaenda na jina la kapenta. Kwa upande mwingine, jina dagaa halikai mahali pamoja. Katika Ziwa Viktoria dagaa ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, dagaa ni samaki wadogo wa maji ya chumvi. Hata nchini Tanzania kwenyewe mnunuzi mwangalifu haridhiki na neno dagaa peke yake. Husema "dagaa wa Kigoma", kwa kuwa anajua kwamba ladha na bei si sawa na za dagaa wa Mwanza.

Hali hiyo haiwapati ndagala tu. Samaki ambaye wataalamu humwita Lates stappersii ni mukeke kwa watu wa Uvira na Bujumbura, ni mgebuka kwa watu wa Kigoma. Anayeandika juu ya mmoja huenda asijue kwamba ameandika juu ya mwenziwe.

Tumsimamishe sasa mbele ya hali hiyo mtungaji wa makala ya kuuzia. Mama yake anauza ndagala waliokaushwa karibu na Kalundu, naye anataka kumsaidia. Akifuata mafundisho atasema: neno "dagaa" limejaa kurasa za Tanzania, siwezi kushindana nazo, neno "ndagala" halina watu, basi niandike "ndagala". Kwa nje uamuzi huu ni sahihi. Ni kweli kwamba mwanzilishi wa Uvira hawezi kuzipita kurasa kubwa za Dar es Salaam juu ya neno dagaa. Lakini sababu iliyomfikisha hapo ni mbovu, na sababu mbovu, kama tutakavyoona, huzaa makala mbovu hata pale ambapo neno lililochaguliwa ni jema.

4.0 Kipimo kinapima nini?

Chombo kinachotumiwa zaidi katika kazi hii ni kile cha Google kiitwacho Keyword Planner. Mtumiaji huandika neno, nacho humwonyesha makadirio ya mara linazotafutwa kwa mwezi na kiwango cha ushindani: mdogo, wa kati au mkubwa. Wanafunzi wengi huisoma safu hiyo ya ushindani kana kwamba inahesabu waandishi. Sivyo. Inahesabu watangazaji wanaolipia neno hilo. Ushindani "mdogo" maana yake ni kwamba wenye fedha wanaotaka kutangaza kwa neno hilo ni wachache. Katika masoko ya Marekani kosa hili halidhuru sana, kwa kuwa palipo na fedha aghalabu ndipo penye waandishi pia. Kwetu linadhuru. Ni nani atalipia tangazo kwa neno ndagala? Ni nani atalipia "mashua ya Baraka" au "mihogo ya Sange"? Karibu kila neno la maisha yetu litarudi na jibu lile lile, ushindani mdogo, na kipimo ambacho hutoa jibu moja kwa kila swali si kipimo tena.

Upande wa idadi ya watafutaji nao una matatizo yake, na hapa isimu inayo la kusema. Mtambo haupokei neno kama sisi wanaisimu tunavyolielewa, yaani kipashio chenye umbo na maana. Hupokea mfuatano wa herufi. Mitambo ya leo imefundishwa kuunganisha maumbo ya Kiingereza yanayokaribiana. Katika Kiswahili, hasa Kiswahili chetu, kazi hiyo ni pungufu. Tazama jinsi mahitaji ya mtu mmoja yanavyoweza kuandikwa. Aliyesoma Kiswahili sanifu ataandika "ndagala waliokaushwa". Mwingine ataandika "ndagala kavu". Mkazi wa Uvira anayeandika kama anavyosema ataandika "ndagala yenye kukauka", kwa kuwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo hupendelea kirejeshi cha -enye pamoja na kitenzi jina mahali pa -o- ya rejeshi, na hakiwapi wanyama upatanisho wa ngeli ya watu kila mara. Aliyelelewa katika Kirundi anaweza kuandika "ndagara", kwa kuwa sauti za r na l hazitofautishi maana kwake kama zinavyofanya katika Kiswahili sanifu. Hao ni watu wanne wenye haja moja. Kwa chombo cha kupimia ni maneno manne, na kila moja ni dogo mno kustahili tarakimu. Kwa hiyo mahitaji yaliyogawanyika huonekana kama mahitaji yasiyokuwapo.

Kuna pia suala la Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na shule huandika Kifaransa. Mtu wa Uvira aliyefika shule ya sekondari huzungumza na muuzaji kwa Kiswahili, kisha akishika simu kutafuta habari huandika Kifaransa. Hafanyi hivyo kwa kuidharau lugha yake. Amejaribu mara kadhaa, Kiswahili chake hakikumletea jibu, akaacha. Hapo tunapata mduara: hakuna kurasa, kwa hiyo watu hawatafuti, watu hawatafuti, kwa hiyo chombo huonyesha sifuri, chombo huonyesha sifuri, kwa hiyo mwandishi haandiki, au huandika upuuzi kwa kuwa hakuna wa kumkosoa. Sifuri hiyo ni matokeo ya kutoandikwa. Kuifanya sababu ya kutoandika ni kugeuza mambo.

Ubaya wa kipimo hiki unaonekana zaidi tukitoka katika biashara ya samaki. Uvira inajulikana kwa watafiti wa afya kuwa mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu mitambo ya maji safi. Mwaka huo huo wakazi walipewa chanjo ya kipindupindu. Fikiria mama wa Mulongwe aliyetaka kujua namna ya kuyasafisha maji ya ziwa kabla ya kuwapa watoto. Maneno ambayo angeyaandika kwa Kiswahili chake hayana mtangazaji hata mmoja. Kwa kipimo cha soko ni maneno yasiyo na thamani. Lakini neno lisilo na mnunuzi si neno lisilo na mhitaji, na mwalimu wa lugha asiyeitambua tofauti hiyo amewaachia wauza matangazo kazi ya kuamua ni yapi yaandikwe katika lugha yetu.

5.0 Makala ya neno tupu

Tuyatazame sasa maandishi yenyewe. Mfano ufuatao tumeuunga sisi wenyewe, kwa kufuata kanuni zinazofundishwa, ili tusimwonee mtungaji yeyote:

"Je, unatafuta ndagala bei nafuu Uvira? Ndagala bei nafuu Uvira ni chakula bora kwa familia yako. Watu wengi wanapenda ndagala bei nafuu Uvira kwa sababu wana protini nyingi. Ukitaka ndagala bei nafuu Uvira, wasiliana nasi leo."

Kisarufi, kifungu "ndagala bei nafuu Uvira" si kirai cha Kiswahili. Hakina kihusishi -a cha kuunganisha ndagala na bei, wala kiambishi au kihusishi cha kuonyesha mahali. Ni orodha ya nomino zilizobanwa pamoja kama mtambo unavyozipenda, kisha sentensi zikajengwa kuzizunguka. Kifungu kimerudiwa mara nne katika sentensi nne, lakini hakikuongeza maana baada ya mara ya kwanza. Takriri katika utenzi au katika hotuba ya mzee huhimiza au hukumbusha; hapa imewekwa kwa ajili ya msomaji asiye mtu.

Kimaana hali ni mbaya zaidi. Ondoa neno ndagala utie mchele, na ondoa Uvira utie mji wowote; makala itabaki kama ilivyo. Hakuna tendo lililotendeka, hakuna mahali, hakuna wakati, hakuna mtu. Na mtungaji akitakiwa kuirefusha hadi maneno 500, afanyeje? Hatakwenda ufukweni. Ataandika dagaa katika mtambo, akute maelezo marefu juu ya dagaa, ayanakili, kisha abadilishe jina. Maelezo hayo, kama tulivyoonyesha, yanaweza kuwa ya samaki wa Ziwa Viktoria. Hivyo samaki wa Mwanza atauzwa kwa jina la samaki wa Kalundu, na mwenye duka wa Bukavu, aliyetumia mega zake chache kufungua ukurasa huo, atasoma habari za ziwa jingine akidhani ni za kwetu.

Linganisha na mfano wa pili, ambao nao ni wa kwetu:

"Tunanunua ndagala alfajiri ufukweni Kalundu, mitumbwi ya taa inaporudi. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, mzigo hupungua na bei hupanda. Anayetaka magunia mengi afadhali asubiri usiku wa giza. Tunaanika juu ya chanja, hatuaniki mchangani, ili mlaji asitafune mchanga. Huyu ndiye samaki ambaye watu wa Kigoma humwita dagaa. Wa Bukavu waliomzoea sambaza watamtambua, kwa kuwa ni wa jamii moja. Lakini sambaza mara nyingi huliwa akiwa mbichi, huyu wetu amekaushwa kwa safari."

Mtungaji wa makala hii ya pili hakuanza na neno lisilogombewa, wala hakulirudiarudia neno lolote. Hata hivyo hesabu maneno yake: Kalundu, mitumbwi ya taa, mbalamwezi, chanja, ndagala, dagaa, Kigoma, sambaza, Bukavu. Ni maneno ambayo hayakutani pamoja katika ukurasa wa mtu mwingine, kwa sababu mtu mwingine hakusimama mahali pale alfajiri ile. Hapo ndipo uchache wa neno unaporudia maana aliyoipa Spärck Jones: neno ni adimu kwa kuwa jambo lenyewe ni mahususi. Ushindani mdogo umekuja wenyewe, nyuma ya habari. Makala hii inamtendea haki pia mtafutaji aliyeandika dagaa, na yule aliyeandika sambaza, kwa sababu imewaeleza wote wawili kile watakachokipata na kile wasichokipata.

6.0 Majibu kwa pingamizi

Yawezekana msomaji akatoa pingamizi tatu, na ni haki kuzijibu.

Kwanza, atasema kwamba tunamhukumu maskini. Mwanzilishi hana jina, hana fedha za matangazo. Mafundisho ya neno lisilogombewa ndiyo mlango pekee aliofunguliwa. Tunakubali. Kijana wa Uvira anayejaribu kuuza kwa neno dagaa atafunikwa, na anayemshauri aende kwenye neno la nyumbani anamshauri vema. Tunachokataa ni sababu anayopewa. Aambiwe achukue neno ndagala kwa kuwa ndilo linalotoka kinywani mwa wanunuzi wake wa Uvira, Sange na Luvungi, na kwa kuwa anamjua ndagala kuliko mwandishi wa Dar es Salaam. Mvuvi wa usiku hashushi wavu mahali kwa sababu tu hakuna mtumbwi mwingine hapo. Huwasha taa, husubiri, huangalia kama samaki wanapanda.

Pili, mtetezi wa Kiswahili sanifu atasema kwamba tatizo lingekwisha kama sote tungeandika dagaa, hasa sasa ambapo nchi yetu imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022, na soko limepanuka. Sisi tunaofundisha Kiswahili sanifu hatuwezi kuidharau hoja hii. Lakini usanifu ni daraja, na daraja huhitaji kingo mbili. Dagaa, kama tulivyoona, halitaji samaki mmoja. Kulifanya jina pekee ni kuongeza utata tuliotaka kuuondoa. Afadhali mwandishi ataje majina yote mawili na kueleza uhusiano wake, kama mfanyabiashara anayevuka ziwa anavyofanya kila siku kwa mdomo.

Tatu, atasema kwamba jambo hili ni la kupita, kwa kuwa mitambo mipya, tangu mwaka 2024 hasa, imeanza kumjibu mtafutaji moja kwa moja bila kumpeleka katika ukurasa wa mtu. Ni kweli, na kwa maoni yetu hilo linaongeza uzito wa suala. Mitambo inayojibu hujifunza kutokana na yaliyoandikwa. Kiingereza kina maandishi mengi kiasi kwamba kurasa tupu humezwa na kurasa zenye habari. Kiswahili cha mwambao wa Uvira hakina akiba hiyo. Kurasa chache tu zinazodai kwamba ndagala ni samaki wa Ziwa Viktoria zinaweza kuwa sehemu kubwa ya yote yaliyoandikwa juu ya ndagala kwa Kiswahili. Mtoto wa Kalundu atakayeuliza kesho atajibiwa kwa makosa hayo, kwa lugha yake mwenyewe, na hatakuwa na sababu ya kushuku.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mafundisho ya kuchagua neno lisilogombewa yanachanganya mambo matatu: uchache wa watangazaji, uchache wa waandishi na uchache wa wahitaji. Katika lugha zilizoandikwa sana mambo hayo huenda pamoja mara nyingi, kwa hiyo mchanganyiko hauonekani. Katika Kiswahili chetu yametengana, na anayeyachanganya hupotea.

Hata hivyo kuna funzo ambalo sisi wa chuoni tunapaswa kulipokea kutoka kwa watungaji hawa. Wao angalau hujiuliza msomaji anatumia neno gani. Ni wangapi kati yetu tumeandika juu ya wavuvi bila neno hata moja la wavuvi? Tunapenda kulalamika kwamba Kiswahili cha Kongo hakijulikani nje, huku msamiati wa uvuvi, wa kukausha na wa kupima samaki ukibaki ufukweni bila kuandikwa. Uvira inacho Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, chenye wataalamu wanaowajua samaki hawa kwa majina ya kisayansi. Ufukwe una wavuvi wanaowajua kwa majina yao ya kila siku. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa lugha wanaotafuta mada za kazi za kumalizia masomo. Orodha ya majina ya samaki, zana na hali za mzigo, kila jina likiwa na mahali linapotumika na maumbo yake yote ya kuandikwa, ingemfaa mfanyabiashara kuliko chombo chochote cha kupima ushindani, nayo ingetufaa sisi pia.

Tunatoa mawazo haya yajadiliwe. Wenzetu wa Kigoma, Bujumbura na Mpulungu huenda wakayasahihisha kwa mifano ya upande wao, hasa juu ya majina ambayo sisi wa kaskazini hatuyasikii. Tutafurahi wakifanya hivyo.